Maswali Yenu: Filta Hiyo Inazuia Mwanga Gani?

Mwezi uliopita, mwishoni mwa safu hii, nilitaja kwa mistari miwili kwamba ninamiliki filta 23 za lenzi na ninazotembea nazo ni tatu tu. Mistari hiyo imeleta barua nyingi kuliko ukurasa wote uliobaki. Wengi mnauliza hizo tatu ni zipi. Wengine mmeudhika, kwa sababu aliyewauzia kamera aliwaambia kinyume.

Kabla sijazifungua barua, nawaomba mshike jambo moja, maana majibu yangu yote yanatoka hapo. Filta haiongezi kitu kwenye picha. Kazi yake ni kuukataza mwanga fulani usiingie. Basi unapoishika mkononi jiulize: hii inanizuilia mwanga upi? Na mwanga huo ukishaingia, nitaweza kuutoa baadaye kwenye kompyuta? Ule usioweza kutolewa baadaye ndio unaostahili kioo mbele ya lenzi.

Shikamoo Mwalimu. Nimenunua kamera yangu ya kwanza. Muuzaji alinifungia filta ya UV na kuniambia nisiitoe kamwe. Picha za mchana ni nzuri, ila za usiku zina vidoa vya kijani vinavyoelea. Je, lenzi ni mbovu?
*Mwenye kamera mpya*

Marahaba, mwanangu. Lenzi yako ni nzima.

Leo usiku fanya jaribio hili. Panga picha yako ili taa moja kali iwe pembe ya juu kushoto, kisha piga. Tafuta kidoa: utakikuta karibu na pembe ya chini kulia, mkabala na taa ukipitia katikati ya picha. Sasa fungua filta, usisogeze kamera, piga tena. Kidoa kikitoweka, umempata mhalifu.

Kioo kisichopakwa tabaka la kuzuia uakisi hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake. Filta ina uso wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo ni kama asilimia 8. Mchana huoni lolote. Usiku, mwanga wa taa hugonga sensa (kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha), hurudi mbele, hukutana na kile kioo bapa, kisha hurudishwa kwenye sensa ukatua mahali pengine. Filta iliyopakwa matabaka mengi hupunguza uakisi huo hadi chini ya asilimia 1 kwa kila uso, na hapo ndipo penye tofauti kati ya filta nzuri na kipande cha kioo chenye pete.

Nililijua hili kwa uchungu. Niliitwa kupiga picha wanafunzi wa uuguzi wakila kiapo, ukumbi umezimwa taa, kila mmoja ameshika mshumaa. Safu mbili za nyuso na miali. Niliporudi nyumbani nikakuta kila mwali una pacha wake, amepinduka juu chini, anaelea shavuni au kifuani mwa mtu mwingine. Wale mabinti hawataapa mara ya pili, na filta ile ilikuwa ya UV, imefungwa pale tangu siku niliyoinunua lenzi. Hadi leo nikiingia mahali penye mishumaa au taa za jukwaani, mkono wangu hugusa mbele ya lenzi kwanza.

Je, UV yenyewe? Enzi za filamu ilikuwa na kazi ya kweli. Filamu iliuona mwanga wa urujuanimno, ndio huo UV, ambao jicho halioni, na milima ya mbali ikatoka na ukungu wa bluu. Kamera ya dijitali ina kioo mbele ya sensa ambacho tayari huuzuia mwanga huo, na vioo vya lenzi yenyewe humeza sehemu yake. Kinachobaki ni ulinzi. Mimi hufunga filta ya ulinzi ninapokwenda penye mchanga unaopeperuka, au mawimbi yanayorusha chumvi, au matope. Baadhi ya watengenezaji wa lenzi husema wenyewe kwamba lenzi fulani haijazibwa sawasawa dhidi ya vumbi na maji mpaka filta ifungwe mbele. Lakini kwa kuigonga ukutani au kuiangusha, kofia ya lenzi, ile pete ndefu inayochomoza mbele, hulinda vizuri zaidi. Kioo cha filta ni chembamba, huvunjika kwa pigo ambalo kioo kinene cha lenzi kingelistahimili, na vipande vyake hukwaruza kile ulichotaka kukilinda.

Mwalimu, nilinunua polaraiza ili niondoe taswira yangu kwenye vioo vya madirisha. Nikisimama mbele ya dirisha na kuizungusha, hakuna kinachobadilika. Nadhani nimeuziwa bandia.
*Mpiga picha wa majengo*

Kaka, umesimama pabaya. Filta yako huenda haina kosa.

Mwanga husafiri kwa mawimbi yanayotikisika kila upande. Unapogonga kioo au maji kwa mshazari na kuruka, sehemu kubwa ya kile kinachoruka hutikisika upande mmoja tu. Polaraiza hupitisha mtikisiko wa upande mmoja na kuuzuia wa upande mwingine, ndiyo maana pete yake inazunguka: wewe ndiye unayechagua upande wa kuzuia. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus aliutazama mng'ao wa jua kwenye madirisha ya Kasri la Luxembourg jijini Paris kupitia fuwele ya kalsaiti, akaona mng'ao huo unapungua na kuongezeka kadiri anavyoizungusha. Tazama jinsi swali lako lilivyo la zamani. Mwaka 1815 David Brewster wa Uskoti akaonyesha kwamba kila kitu kinachoakisi, mbali na metali, kina pembe yake ambapo mng'ao huwa wa upande mmoja kabisa. Kwa kioo cha kawaida ni kama nyuzi 56, kwa maji nyuzi 53, ukipima kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso wenyewe.

Ukisimama uso kwa uso na dirisha, pembe yako ni sifuri. Mwanga unaokurudia haujachujwa upande wowote, na polaraiza haina cha kukamata. Sogea pembeni mpaka dirisha ulione kwa mshazari mkubwa, kisha zungusha pete polepole. Utaona ndani ya chumba panafunguka kana kwamba mtu amesogeza pazia. Nimeipiga picha hiyo mara nyingi na bado hunipa furaha kila pete inapofika mahali pake.

Kama bado una shaka, simama mbele ya kioo cha kujitazamia. Shika filta jichoni, upande wenye hesi za kufungia kwenye lenzi ukielekea kioo, upande wa mbele ukielekea jicho lako. Tazama filta yenyewe kwenye kioo. Ikiwa ni polaraiza ya duara, itaonekana nyeusi. Igeuze, itaonekana angavu. Hiyo ya duara ndiyo ya kununua, na jina halihusu umbo la pete. Ina tabaka la pili nyuma linalouvuruga tena mwanga baada ya kuchujwa, kwa sababu kamera zenye kioo cha kuruka ndani hutumia mwanga huo kupima na kufokasi, na ukiingia wa upande mmoja hukosea.

Mambo matatu watu huyasahau. Chuma kitupu, kama kromu au sufuria iliyosuguliwa, haisikii polaraiza. Mng'ao wake hauchujwi. Anga huwa la bluu nzito zaidi ukiwa na jua ubavuni, nyuzi 90, si mbele wala mgongoni, na kwa lenzi pana sana anga hilo hutoka na baka jeusi upande mmoja na weupe upande mwingine. Na upinde wa mvua: mwanga wake wenyewe ni wa upande mmoja. Niliwahi kuelekeza lenzi kwenye kilele cha upinde, nikazungusha pete nikitazama mawingu tu, nikapiga fremu sita. Upinde haukuwamo hata katika moja. Ningezungusha robo duara tu, ungeng'aa kuliko nilivyouona kwa macho.

Na msiiache polaraiza begini siku ya mawingu. Anga halitabadilika, lakini majani yaliyolowa yana ngozi ya mng'ao mweupe juu yake. Iondoe hiyo uone kijani kilichofichwa chini. Hakuna programu inayoweza kurudisha rangi ya jani ambalo mng'ao wake umefunika kila kitu, na ndiyo maana polaraiza ni ya kwanza katika zile tatu zangu.

Nataka maji ya maporomoko yatoke laini kama hariri. Nimenunua filta nyeusi iliyoandikwa ND1000. Kamera inakataa kufokasi, na picha nyingine zina mstari wa mwanga wa ajabu katikati. Nifanyeje?
*Mpenda maji*

Kwanza jina. ND ni filta ya kijivu inayopunguza mwanga wote bila kugeuza rangi. ND1000, 3.0 na stopu 10 ni filta ileile iliyobatizwa mara tatu. Stopu moja ni kuukata mwanga nusu. Ukate nusu mara kumi, unabaki na sehemu moja kati ya 1,024. Kwa hiyo kama kipimo bila filta ni sekunde 1/60, na filta kitakuwa karibu sekunde 17. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kufunga filta, kwa sababu baada ya hapo kamera haioni vizuri wala kupima vizuri.

Utaratibu wangu ni huu, nao sijaubadilisha kwa miaka. Kamera juu ya tripodi. Napanga picha, nafokasi, kisha nazima otofokasi ili isianze kuhangaika gizani. Napiga moja bila filta, nikiridhika na mwanga naandika kasi yake. Nafunga filta taratibu nisigeuze pete ya fokasi. Nazima kile kifaa cha kutuliza mtikisiko. Ule mstari wako wa ajabu unatokana na mwanga unaoingia kwa nyuma, kwenye kitundu cha kutazamia. Kwa sekunde 1/60 hauna nguvu. Kwa sekunde 17 unapata muda wa kutosha kuharibu kazi. Kizibe kwa kifuniko chake au kitambaa cheusi. Wenye kamera zisizo na kioo ndani hawana tatizo hilo.

Sasa naomba tubishane kidogo. Kwa maporomoko, sekunde 17 mimi naona ni nyingi mno. Maji hupoteza misuli, yanabaki kama moshi uliomwagwa juu ya mawe. Jaribu nusu sekunde. Hapo bado unaziona nyuzi za maji, unaona jiwe lipi linayapasua na yanakokimbilia. Kama kivulini unapata 1/15, filta ya stopu 3, yaani ND8, inakufikisha nusu sekunde kamili. Hiyo ndiyo ya pili katika zile tatu zangu. Ya stopu 10 ni ya tatu, nayo naitunza kwa bahari na mawingu yanayokimbia. Wanaopiga video watazame ND kwa makini kuliko sisi wa picha mnato: ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, mwendo huonekana wa kawaida shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) ikiwa sekunde 1/50, na juani huwezi kufika hapo bila kupunguza mwanga, isipokuwa ulibane tundu la lenzi liwe dogo.

Na usijaribu kukwepa filta kwa kulibana tundu la lenzi hadi f/22, yaani dogo sana. Mwanga unaopita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika, na picha nzima hupoteza makali.

Zile filta za ND zinazozungushwa kuongeza na kupunguza giza ni polaraiza mbili zilizolaliana. Zinafaa, ila ukizungusha mpaka mwisho, hasa kwenye lenzi pana, utapata msalaba mweusi katikati ya picha. Uishie kabla ya hapo.

Marehemu baba mdogo aliniachia filta nyekundu na njano. Nikifunga nyekundu kwenye kamera yangu ya dijitali na kuweka nyeusi na nyeupe, picha inajaa chengachenga. Yeye alipata anga nyeusi ya kuvutia sana. Nakosea wapi?
*Mrithi*

Pole kwa msiba, dada. Hukosei, umechukua kifaa cha filamu ukakipeleka mahali ambapo kazi yake imeshafanywa.

Juu ya sensa yako kuna filta tayari, mamilioni, moja juu ya kila chembe. Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya mpangilio huo mwaka 1976: nusu ya chembe zimefunikwa kijani, robo nyekundu, robo bluu. Ukifunga kioo chekundu mbele, chembe za kijani na bluu zinabaki karibu gizani, na picha yako inajengwa na robo tu ya sensa. Chengachenga zinatoka hapo. Piga kwa rangi, hifadhi faili ghafi (RAW), kisha unapogeuza kuwa nyeusi na nyeupe shusha bluu na pandisha nyekundu. Utapata anga la baba mdogo.

Lakini usizitupe. Kanuni iliyomo ndani yake ni nzuri kuijua hata kompyutani: filta huangaza rangi yake na kutia giza rangi iliyo kinyume nayo. Tarehe 10 Aprili 1927 mpiga picha Ansel Adams alipanda na kamera yake nzito kuupiga mwamba wa Half Dome huko Yosemite, Marekani. Alipiga kwanza kwa filta ya njano, akahisi anga litatoka la kijivu tu, si kama alivyouona mwamba ule moyoni. Sahani ya mwisho (kioo kilichotumika kama filamu enzi hizo) akaipiga kwa filta nyekundu iliyoiva. Anga likatoka karibu jeusi, mwamba ukasimama. Ukipata kamera ya filamu, fungua filta za marehemu na uongeze mwanga: njano namba 8 huhitaji stopu 1, nyekundu namba 25 huhitaji stopu 3. Kwa picha za watu iweke nyekundu kando, maana midomo hupauka.

Lenzi yangu imeandikwa 18–55 mm. Nikanunua filta ya 55 mm, haiingii. Kwa nini?
*Aliyekasirika*

Hiyo 18–55 ni urefu wa fokasi, haihusiani na upana wa hesi. Tafuta alama ya duara lililokatwa na mstari, ø, mbele ya lenzi au nyuma ya mfuniko wake. Namba inayoifuata, tuseme ø58, ndiyo ya filta. Kama una lenzi kadhaa, nunua filta ya ile pana kuliko zote, kisha pete za kupanulia kwa zile ndogo. Usifanye kinyume, pembe za picha zitakuwa nyeusi.

Filta imekwama, haifunguki.
*Mwenye haraka*

Usiibane kwa nguvu. Ukibana, pete hupinda kuwa yai na kung'ang'ania zaidi. Zungushia mpira mpana pembeni, shika kwa vidole vingi vilivyosambaa, zungusha kwa wepesi.

Nina ND1000 mbili. Nikizilaza pamoja naweza kupiga picha ya jua likipatwa?
*Mtazama anga*

Usichungulie jua kupitia hizo kwenye kitundu cha kutazamia. Nalisema kwa uzito wote. ND ya kawaida imepimwa kwa mwanga unaoonekana. Mingi ya miale ya joto isiyoonekana inaweza kupita, na lenzi ndefu huikusanya yote ndani ya jicho lako. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga haina mishipa ya kukuambia inaungua. Nunua filta iliyotengenezwa kwa ajili ya jua, inayopitisha kama sehemu moja kati ya 100,000. Ifunge mbele ya lenzi, kamwe si nyuma, na uitoe tu wakati jua limefunikwa kabisa. Ukingo wa kwanza wa jua ukianza kurudi, irudishe.

Fedha yangu inatosha filta moja tu. Ipi?
*Mwanafunzi*

Unapiga nini? Kama ni mandhari, majani, maji, madirisha: polaraiza ya duara, iliyopakwa matabaka mengi. Kama ni video juani: ND. Kama ni watu ndani ya vyumba, jioni, kwenye mwanga mdogo, usinunue yoyote. Polaraiza peke yake hula stopu 1 hadi 2, na ndani ya chumba chenye balbu moja hizo stopu ndizo unazozihitaji ili uso wa mtu usitoke umetikisika.